Nimeaplodi tovuti yote na FileZilla, faili zimeenda, lakini domeni inaonyesha "Index of /" tu. Nisaidieni kabla ya Jumamosi

mtu_wa_kayole · Jumanne saa 3:10 usiku

Wasee hamjambo. Naomba msaada juu mimi nimefika mwisho. Shangazi yangu hukodisha hema na viti huku Kayole, harusi, matanga, ruracio (sherehe ya mahari), chochote kiko na watu wengi, na kila mteja akipiga simu anataka picha kwanza, shangazi anatuma moja moja kwa WhatsApp mpaka simu inaganda. Mimi kwa kujiamini nikamwambia tulia nitakutengenezea tovuti. Nimeitengeneza na HTML ya kawaida tu, nikiifungua kwa laptopu inakaa poa kabisa, picha zote zinatokea. Nikalipia domeni ya .co.ke (jina la tovuti) na hostingi (nafasi ya kuweka tovuti kwa seva, kompyuta iliyo hewani) kwa M-Pesa, wakanitumia imeli, nikaingia cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi) nikafungua akaunti ya FTP (njia ya kupeleka faili kwa seva) vile niliona kwa video fulani, nikaweka FileZilla, programu ya kuaplodi.

Hapo ndio vituko vilianza. Siku ya kwanza ilikataa pasiwedi, inasema "530 Login authentication failed", nikajaribu kama mara kumi hivi, halafu ikaacha hata kusema hiyo ikaanza "Connection timed out after 20 seconds of inactivity". Kesho yake nikatumia hotispoti ya simu ya ndugu yangu ikakubali. Nikaburuta folda yote upande wa kulia nikaenda kupika. Masaa matatu na zaidi! MB 340, imemaliza bando ya ndugu yangu na hatuongei vizuri mpaka saa hii. Chini imeandika zilizoenda 217, zilizofeli 6. Nafungua domeni kwa furaha naona karatasi nyeupe imeandikwa "Index of /" na vitu viwili hapo chini basi.

Shangazi ameshachapisha kadi 200 ziko na hiyo domeni, anaenda nazo kwa chama Jumamosi. Nisaidieni.

kanyama_kadogo · saa 3:14 usiku

futa kashe ya brauza

wifi_ya_jirani · saa 3:22 usiku

Hiyo ni DNS (ile inaelekeza jina la domeni kwa seva) bado haijasambaa bro, domeni mpya inaweza chukua hata siku mbili, tulia tu itakuja yenyewe. Pia weka ruhusa za folda zote 777 (kila mtu asome na abadilishe) uone.

seva_ya_ploti · saa 3:41 usiku

Si kashe na si DNS, na hiyo ya 777 mtu asiifuate tafadhali. Ingekuwa ni DNS brauza ingemwambia haioni hiyo tovuti kabisa. Hiyo "Index of /" ni seva yake yenyewe ndio inaongea. Domeni imefika nyumbani, mlango umefunguliwa, ila sebuleni hakuna mtu wa kupokea wageni: seva imetafuta faili ya kwanza inayoitwa index.html ama index.php haijaiona, ikaamua kukuonyesha tu vitu vilivyo kwa hiyo folda.

Mtu wa Kayole, usiaplodi kitu kingine kwanza, utamaliza bando ya mtaa mzima bure. Nijibu haya. Hapo kwa "Index of /" hivyo vitu viwili ni gani? Unaingia FileZilla na jina gani, yaani liko na @ ama halina (usiweke pasiwedi hapa)? Na ile page yako ya kwanza umeiita nini, niandikie herufi kwa herufi vile iko.

mtu_wa_kayole · saa 3:55 usiku

Asante sana mkubwa. Vitu viwili ni cgi-bin ambayo sijui ni nini, na folda nyingine inaitwa hema, hiyo nadhani ni yangu ya picha za hema ingawa mimi nakumbuka yangu niliiita picha. Naingia na hema@ halafu domeni. Siku ya kwanza nilikuwa naandika hema pekee yake, nafikiri ndio maana ilikuwa inakataa. Page ya kwanza ni Index.html. Nikiingia FileZilla upande wa kulia naona juu kabisa kumeandikwa / na chini yake folda yangu "Website mpya". Kwani hapo sio kwenyewe?

seva_ya_ploti · saa 4:20 usiku

Hahaha sawa, nimekupata. Uko na makosa matatu yamepangana kama viti vya shangazi yako, na hakuna hata moja kubwa.

La kwanza ndilo limekumaliza. Ukifungua akaunti ya FTP ndani ya cPanel, ukiandika tu jina, ile nafasi ya chini ya folda inajijaza yenyewe na jina hilo hilo. Watu wengi hawaiangalii wanabonyeza wanaenda. Akaunti yako inaitwa hema, kwa hivyo cPanel imeunda folda inaitwa hema ndani ya folda ya tovuti na ikakufungia humo. Ukiingia nayo unaona "/" unadhani uko juu kabisa, kumbe uko ndani ya chumba kimoja cha ploti na mlango umefungwa kwa nje, huoni korido huoni geti. Wageni wa domeni yako wanaingilia geti. Wewe umepanga vyombo vyote ndani ya chumba.

La pili, umeburuta folda yenyewe badala ya vitu vilivyo ndani yake. Kwa hivyo sasa hivi tovuti ya shangazi ipo na inafanya kazi, jaribu kufungua domeni yako uongeze /hema/Website%20mpya/Index.html uone. Iko hewani tangu jana, ni vile tu hakuna mteja wa hema ataandika hiyo anwani.

La tatu, hiyo I kubwa. Windows haijali, Index na index kwake ni kitu kimoja. Hostingi nyingi huwa Linux, na kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti kabisa. Seva inatafuta index.html, herufi ndogo zote.

Dawa yake sasa, na hutatumia data. Rudi kwa ile imeli ya kwanza ya hostingi, kuna jina la akaunti kuu, fupi, halina @, pasiwedi yake ni ile ile unaingilia cPanel. Ingia FileZilla na hiyo. Safari hii utaona folda kibao, mail, etc, logs, ssl, public_html. Zingine zote wachana nazo, hasa mail na etc, hapo ndio imeli zako zinakaa. Ingia public_html, hiyo ndiyo sebule. Ndani utaona hema, ndani ya hema utaona Website mpya. Chagua kila kitu kilicho NDANI ya Website mpya, kisha ukiwa bado upande wa kulia (usivute kushoto kwa laptopu) buruta juu mpaka kwa jina public_html kwa ile orodha ya folda, uachilie. Haitadaunilodi wala kuaplodi kitu, seva inabadilisha tu anwani ya faili, ni sekunde chache. Halafu bonyeza Index.html, bonyeza F2, andika index.html. Linki zako zingine kama zimeandikwa Index.html na I kubwa zibadilishe pia.

Folda hema ikibaki tupu unaweza kuiondoa, na ile akaunti ya FTP pia, lakini cPanel ikikuuliza kama inafuta akaunti peke yake ama na faili zake, soma hiyo kabla ya kubonyeza. Kuna msee nilimsaidia akabonyeza haraka, akaunti yake ilikuwa imefunguliwa juu ya public_html yenyewe. Tulikaa usiku kucha.

git_ama_nyumbani · saa 4:31 usiku

Kwani bado kuna watu wanaburuta faili na FTP? Weka HTML yako kwa Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) mzee, ukisukuma inajipeleka yenyewe. Hii FTP ni ya kina babu.

dada_wa_saiba · saa 4:50 usiku

@git_ama_nyumbani page tano za hema na viti hazihitaji Git, wacha kumtisha mtoto wa watu. Shida ya kwanza ni kutoa kazi ya shangazi nje kabla ya Jumamosi, hayo mengine atajifunza pole pole.

Mimi niko na saiba Githurai na karibu kila wiki kuna mtu anakuja na shida kama hii, kwa hivyo niongeze mambo machache ambayo seva_ya_ploti ameruka.

Ile "timed out" ya siku ya kwanza haikuwa mtandao mbaya. Hostingi nyingi huwa na ulinzi, ukikosea pasiwedi mara nyingi mfululizo seva inafungia ile IP (namba ya laini yako kwa mtandao) uliyotumia na haikujibu tena, hata ukiweka pasiwedi sahihi ni kama unapiga hodi kwa nyumba haina mtu. Ulipobadilisha ukatumia simu ya ndugu yako ukaja na IP nyingine ndio maana ikakubali, wala si kwa sababu ile laini iko na spidi. Ukikwama tena hivyo kwa data ya simu, weka simu kwa hali ya ndege kidogo kisha utoe, mara nyingi unapewa IP nyingine. Ama uwaandikie hostingi wakufungulie.

Zile 6 zilizofeli usianze upya. Pale chini kwa FileZilla kuna kijisehemu cha zilizofeli, bonyeza kulia uzirudishe kwa foleni, zitaenda hizo 6 peke yake. Kitu cha kukumbuka, faili ikiwa ilikatika katikati nusu yake inaweza kuwa iko kule, ikikuuliza chagua iandike juu yake kama ukubwa ni tofauti. Lakini maliza kwanza kuhamisha vile umeambiwa, la sivyo hizo 6 zitarudi kule kule kwa chumba.

Sasa hiyo MB 340. Page tano za HTML hazifiki hata MB moja, hapo umeaplodi picha moja kwa moja kutoka kwa kamera ya simu, sivyo? Picha moja MB 4 ama 5. Mimi ningekuwa mteja wa shangazi yako niko kwa matatu na bando ya ishirini bob, hiyo tovuti ingenimalizia data kabla sijaona bei ya hema. Punguza upana uwe kama pikseli 1200, kila picha itashuka hata chini ya KB 200, na kwa skrini ya simu hakuna mtu ataona tofauti. Hata kama ni picha 70, zote haziwezi kufika MB 15.

Ukishazipunguza usiburute moja moja. FTP inafungua muunganisho mpya kwa kila faili, kwa hivyo vifaili 200 vidogo vinachelewa kuliko faili moja kubwa ya uzito sawa. Fanya zipu moja (faili moja iliyobeba zingine zote), iaplodi kwa public_html, kisha ingia Faili Meneja ya cPanel uifungue pale pale kwa seva. Dakika mbili umemaliza.

Na ruhusa: faili 644, folda 755, mara nyingi zinakuja hivyo zenyewe, hauhitaji kugusa. 777 ni kuacha mlango wazi usiku Nairobi.

mzee_wa_modemu · Jumatano saa 12:40 asubuhi

Nimeamka nikaona FTP inatukanwa. Vijana, hiyo kitu iliandikwa mara ya kwanza Aprili 1971 na Abhay Bhushan akiwa MIT, TCP/IP yenyewe, lugha ya intaneti ya leo, ilikuwa bado haijazaliwa, na toleo ambalo programu zenu zinafuata mpaka leo ni la 1985. Si mbaya kwa babu.

Ila uzee wake ndio unaleta balaa mbili na kijana anafaa azijue. Moja, FTP hutumia njia mbili, moja ya maagizo kwa poti (mlango wa seva wenye namba) 21 na nyingine ya kubeba faili zenyewe. Zamani kompyuta yako ilikuwa inaiambia seva "nipigie kwa poti fulani uniletee data" na seva inapiga. Leo uko kwa hotispoti, IP unayoonekana nayo nje mko nayo wengi, seva ikijaribu kukupigia ni kama boda ameletewa jina la ploti bila namba ya chumba, anafika getini anarudi. Ndio unaona mtu ameingia vizuri, pasiwedi imekubali, kisha "Failed to retrieve directory listing". Dawa ni hali ya pasivu, ambapo ni wewe unapiga simu zote mbili. FileZilla huanza na hiyo kawaida, lakini kuna watu huigeuza kwa kugusa gusa wakifuata video, angalia kwa Site Manager ya FileZilla.

Ya pili ni nzito zaidi. FTP tupu inatuma jina na pasiwedi waziwazi kama postikadi. Ukiwa kwa waifai ya watu, mwenye kujua anasoma tu. Kwa Site Manager, pale kwa usimbaji, weka ile ya kulazimisha TLS (inayoficha mnachotumiana), yaani "Require explicit FTP over TLS". Ile ya "if available" ikikosa TLS itaendelea wazi wazi, mimi siipendi. Ikikuletea onyo la cheti (kitambulisho cha seva), angalia jina lililo hapo, mara nyingi utakuta ni jina la seva ya hostingi badala ya domeni yako kwa sababu seva ni ya watu wengi. Tumia hilo jina la seva lililo kwa imeli pale kwa Host na onyo litaisha. Hostingi ikikupa SFTP kwa poti 22 ni sawa pia, ingawa hiyo ni kitu kingine kabisa, inapita kwa SSH (njia nyingine salama ya kuingia kwa seva), majina tu yanafanana.

Na msijaribu kuandika ftp:// kwa brauza kama tulivyofanya zamani. Chrome na Firefox wote waliiondoa 2021.

dada_wa_saiba · saa 1:15 asubuhi

Mzee shikamoo. Hiyo ya boda nitawaambia wateja wangu.

mtu_wa_kayole · saa 2:05 usiku

Wasee!! Imefunguka. Nilihamisha vile mlisema, nikabadilisha jina la index, nikafungua domeni kwa simu, shangazi akapiga kelele mpaka jirani akatoka. Nimepunguza picha pia, MB 340 imekuwa MB 11, nimefanya zipu ikaenda na waifai ya saiba ya huku kwetu kabla sijamaliza soda.

Sasa imebaki kitu moja. Picha nyingi zimetokea lakini kama tisa hazitokei, kuna alama tu ya picha imepasuka. Kwa laptopu zote zinaonekana. Nimeangalia FileZilla ziko pale kwa folda picha, ukubwa ni sawa, nimezihesabu.

seva_ya_ploti · saa 2:30 usiku

Hongera. Hizo tisa ni ule ule ugonjwa wa I kubwa. Simu na kamera zingine huandika picha .JPG kwa herufi kubwa, wewe kwa HTML umeandika .jpg. Linganisha jina la faili kule na vile umeandika, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Kama kuna "hema kubwa 2.JPG" ifanye hema-kubwa-2.jpg pande zote mbili. Kuanzia leo majina yote herufi ndogo, hakuna nafasi.

Ikiwa kuna moja bado inakataa, fungua HTML utafute neno "file:///C:". Programu zingine za kutengeneza page huweka njia ya kwa kompyuta yako, na hiyo inafanya kazi kwako peke yako, maana hakuna mtu mwingine ako na diski yako.

mtu_wa_kayole · saa 3:12 usiku

Saba zilikuwa JPG. Moja ilikuwa na nafasi mbili katikati sijui niliandika nikiwa usingizini. Na ya tisa ni hiyo ya C:, nimecheka peke yangu. Zote zimetokea. Kadi za shangazi ziko salama.

Nimejaribu pia hiyo ya kulazimisha TLS, ikaleta cheti cha jina nisilolijua, nikaweka jina la seva la kwa imeli, onyo likaisha kama mzee alivyosema.

dada_wa_saiba · saa 3:20 usiku

Ile zipu uliaplodi bado iko kwa public_html? Mtu akibahatisha jina anaidaunilodi yote. Na kama pale saiba uliweka pasiwedi kwa FileZilla yao, hiyo programu huihifadhi kwa kompyuta, mtu wa kesho akifungua anaingia kwa tovuti yako bila kuuliza.

mtu_wa_kayole · saa 3:34 usiku

Ilikuwa bado iko. Nimeifuta. Pasiwedi nayo nimebadilisha sasa hivi kwa simu, nimeiandika nyuma ya kadi moja ya shangazi nimefungia kwa droo.

seva_ya_ploti · saa 3:36 usiku

Hakikisha hiyo kadi haitaenda chama Jumamosi.